Sababu za Utafiti wa Madam

Katika ofisi ya wakala Nairobi, mwanamke aliyekuwa akijaza fomu yangu alifika kwenye nafasi ya elimu akasimamisha kalamu. "Digrii?" akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa kuna ugonjwa wa kuambukiza chumbani. Nikamwambia ndiyo, ya sosholojia. Akaandika kidato cha pili.

"Ukiulizwa huko, wewe ni kidato cha pili. Hawataki mtu wa kusoma mkataba."

Nilimuuliza ni nani aliyewauliza hao watu akajua hawataki. Akasema nikiendelea na maswali ataandika darasa la nane.

Kwa hiyo niliingia Riyadh nikiwa kidato cha pili, na nikabaki kidato cha pili kwa miezi kumi na tisa, katika fleti ya ghorofa ya pili mtaa wa Malaz. Haikuwa kazi kuigiza. Hakuna aliyenitahini. Nilifua, nikapiga pasi kanzu nyeupe za baba mwenye nyumba, nikakatakata vitunguu vya familia ya watu sita, nikafuta vumbi ambalo kesho yake lilikuwa limerudi mahali pale pale. Chakula sikunyimwa na mkono sikuinuliwa. Nalisema hili mapema kwa sababu nikisema nilikuwa Saudia, watu hukaa wima wakisubiri niwaonyeshe kovu. Sina kovu. Nilichoka tu. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, na nilikuwa naamka na uchovu ule ule niliolala nao.

Asubuhi nilipanda darini kuanika nguo, kati ya matangi ya maji na madishi ya televisheni, na huko ndiko nilikompata dada yangu wa kule. Si wa damu. Alikuwa Mkenya mwenzangu, mwanamke wa miaka arobaini hivi kutoka upande wa Kakamega, aliyefanya kazi ghorofa ya nne katika jengo hilo hilo. Mimi nilimwita dada, yeye aliniita msomi, kwa sababu ndiye mtu pekee niliyemwambia ukweli kuhusu ile fomu. Mkataba wake ulikuwa umeisha miezi mitano nyuma. Lakini kule mkataba kuisha si kuondoka. Mpaka kafili, yaani mwajiri aliyekuleta, aombe ruhusa yako ya kutoka nchini, huendi popote, na kafili wake kila mara alikuwa na jambo. Kwanza tungoje Ramadhani ipite. Kisha mitihani ya watoto. Kisha harusi ya mdogo wa bibi mwenye nyumba. Wakati huo mgongo wa dada ulikuwa umefika mahali ambapo aliinama kuchukua shuka kwenye beseni kwa awamu mbili, akipumzika katikati.

Asubuhi moja alikuja darini akicheka peke yake.

"Nimemuua nyanya," akasema.

"Yupi?"

"Mzaa baba. Mzaa mama si nilimuua mwaka jana? Wakaniambia pole, wakanipa siku moja ya kulia. Safari hii nimelia mbele ya mzee mwenyewe, mpaka akatoka chumbani. Bibi anasema wataniombea ruhusa. Wiki tatu, msomi! Baada ya wiki tatu niko nyumbani."

"Na marehemu hajambo?"

"Hajambo kabisa. Jana amenipigia kulalamika jirani ameachilia kuku kwenye mboga zake."

Tulicheka mpaka akashika kiuno. Lakini huu haukuwa mzaha, ilikuwa njia. Kila mwanamke niliyemfahamu kule aliijua. Humwambii mwajiri unataka kwenda nyumbani. Unamwambia kuna msiba. Kulikuwa hata na kanuni zake. Mama hauawi, kwa sababu watataka kuona picha. Mume hauawi, kwa sababu watakuuliza sasa unarudi kwa nani. Nyanya ni salama, shangazi ni wa dharura. Nilimuuliza dada kwa nini asiseme tu amechoka na mkataba umekwisha. Alinitazama kwa huruma ya kweli.

"Uchovu ni sababu, mdogo wangu? Hata wao wamechoka."

Sasa madam wangu. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye watoto wanne, na alikuwa akisomea shahada ya uzamili katika usimamizi wa wafanyakazi, kozi iliyofundishwa kwa Kiingereza. Meza ya kulia chakula ilikuwa ya kwake kuanzia sala ya adhuhuri hadi alasiri, wakati nyumba nzima imelala kwa joto. Pendekezo lake la utafiti lilikuwa limerudi mara mbili kutoka kwa msimamizi wake, mwalimu wa kike tuliyemjua nyumbani kama Daktora. Mada yenyewe ilikuwa kwa nini wafanyakazi wa nyumbani hawakubali kuongeza mkataba. Siku hiyo nilikuwa nafuta meza huku nikizungukia karatasi, na macho yangu yakaanguka kwenye ukurasa wenye kichwa cha sababu za utafiti. Madam alikuwa ameandika, kwa ufupi, kwamba utafiti huu ni muhimu kwa kuwa haujawahi kufanywa. Pembeni Daktora aliandika kwa wino mwekundu: Kwa hiyo?

Nilicheka. Ni kicheko kidogo cha puani, lakini kilitoka.

"Unacheka nini?" Madam akauliza.

Ningesema nimekumbuka kitu. Kidato cha pili angesema amekumbuka kitu. Badala yake nikamwambia, kwa Kiingereza ambacho hakuwahi kukisikia kinywani mwangu, kwamba kitu kutofanywa si sababu ya kukifanya. Hakuna mtu aliyewahi kuhesabu vijiko vya mtaa huu pia. Kwanza aonyeshe ni nani anaumia kwa kutojua.

Aliusoma tena wino mwekundu. Kisha akavuta kiti kilichokuwa karibu naye, kiti ambacho nilikuwa nimekifuta kila siku kwa miezi kumi na tisa, akakipigapiga.

"Keti, ustadha," akasema. Ustadha ni mwalimu wa kike. Sijui kama alikuwa ananiheshimu au ananikejeli, na nadhani yeye pia hakujua.

Tangu siku hiyo, saa za adhuhuri zikawa za utafiti. Kazi nyingine hazikupungua, zilisogea tu. Niliosha vyombo haraka, nikakaa, nikamsomea alichoandika na kuuliza maswali yale yale ambayo wahadhiri wangu waliniuliza hadi nikawachukia. Umesema wafanyakazi huondoka kwa sababu ya kukumbuka nyumbani, nani amesema? Umesema ni tofauti za utamaduni. Hiyo maana yake nini, siku ya Jumanne, jikoni? Madam alichoka na mimi. "Mafi! Hakuna!" alipiga meza. "Hakuna aliyesema, najua tu!" Nikamwambia hilo ndilo tatizo, kila mtu anajua tu. Mara nyingine alicheka, mara nyingine alifunga kompyuta akaniambia nikaangalie mchele.

Naungama kwamba nilifurahia. Miguu iliniuma vile vile, lakini kwa saa mbili kichwa kilikuwa na kazi.

Hatimaye tulikwama kwenye aya moja. Daktora alitaka pengo lenyewe: ni nini hasa ambacho waajiri hawajui? Madam akaniachia kompyuta akaenda kulala. "Andika wewe, nitasahihisha." Nilikaa na ukurasa mtupu, na kwa kuwa nilikuwa nimechoka kubuni maneno ya heshima, niliandika nilichokijua. Niliandika kwamba mfanyakazi anayetaka kuondoka hudaiwa sababu. Kwamba uchovu haukubaliki kuwa sababu, kwa hiyo hutoa kifo. Kwamba mwajiri akipokea vifo vingi hujifunza kutoviamini, hata siku mtu anapofiwa kweli. Na kwamba waajiri wanaojiuliza kwa nini wafanyakazi wao wanaondoka wamekuwa wakisikiliza majibu ambayo wao wenyewe waliyalazimisha. Nikasoma tena. Ilikuwa nzuri. Tangu nitoke chuoni sikuwa nimeandika kitu kilichosimama chenyewe namna ile.

Daktora aliirudisha baada ya siku mbili. Safari hii wino mwekundu uliandika neno moja tu: Mfano?

Nikaongeza mfano. Niliandika kwamba mfanyakazi mmoja, katika jengo la makazi la kawaida mjini, alifiwa na nyanya wawili katika muda wa mwaka mmoja, na wote wawili wazima. Jina sikuandika, wala nchi, wala mtaa. Nilifundishwa hivyo: ficha jina, umemlinda mtu. Nilipata alama nzuri katika somo hilo. Kile ambacho somo halikuniambia ni kwamba jengo la fleti nane halihitaji jina.

Wiki iliyofuata shule zilifungwa, na familia ikasafiri Jeddah kwa mama yake madam. Nilikwenda nao, kwa kuwa hata likizo inahitaji mtu wa kuosha vyombo. Jeddah hewa ilikuwa nzito ya chumvi, nguo nilizoanika asubuhi zilikuwa bado mbichi jioni. Siku ya tatu nilikuwa jikoni nasafisha samaki, simu ikalia ujumbe wa sauti kutoka kwa dada. Nikaubonyeza kwa kiwiko.

"We msomi. Unanisikia? Bibi ameniita asubuhi, na mzee ameketi hapo. Wananiuliza nina nyanya wangapi. Wangapi! Kama mbuzi. Nikawaambia ni wawili kama watu wote, wote wamekufa. Bibi anacheka. Anasema nilete cheti cha kifo, chenye muhuri, cha wote wawili, ndipo tuongee habari ya ruhusa. Wamejuaje? Mwaka mzima hawakuuliza. Nimejiuliza ni nani nimemwambia. Nimemwambia mtu mmoja tu, msomi. Mmoja."

Ujumbe ukaisha hapo. Nilisimama na samaki mkononi.

Nilimkuta madam sebuleni kwa mama yake. Nikamuuliza kama kuna mtu mwingine aliyesoma zile kurasa.

"Jirani yangu wa juu, wa ghorofa ya nne," akasema, bila wasiwasi wowote. "Nilimtumia, yeye Kiingereza chake ni kizuri. Alicheka sana pale kwenye nyanya. Kwa nini?"

Nikasema hakuna kitu, nikarudi kwenye samaki. Ningependa kuandika kwamba nilisema jambo pale pale. Sikusema. Nilikaanga samaki, nikawapakulia, nikaosha sufuria, na muda wote nilikuwa napanga hoja: kwamba mimi sikumtaja, kwamba aliyetuma kurasa ni madam, kwamba aliyedai mfano ni Daktora. Hoja zote zilisimama vizuri. Nilijaribu kumtumia dada ujumbe mara nne nikaufuta mara nne. Mwishowe nikamwandikia: Ni mimi. Nitajaribu. Aliusoma. Hakujibu.

Jioni yake, baada ya alasiri, tulikwenda ufukweni. Familia nyingi zilikuwa zimetandika mikeka, chupa za chai katikati, watoto wakikimbia na maputo. Baba alikwenda kuwatembeza watoto. Tukabaki mkekani madam, mama yake mzee, na mimi. Wiki mbili baadaye madam angesimama mbele ya jopo kutetea pendekezo, na alikuwa amezoea sasa kujifanyia mazoezi kwangu.

"Yalla, haya, ustadha. Wewe ndiwe jopo. Niulize."

Nikamuuliza swali la kwanza lililonijia, kwa sababu hapakuwa na lingine kichwani.

"Mfanyakazi akija kwako aseme, madam, sina msiba, nimechoka tu. Utamjibu nini?"

"Nitamsikiliza," akasema haraka. "Ndiyo maana ya utafiti wangu."

"Nani amesema?"

Alianza kucheka, kisha akaona sicheki. Nikamwambia. Nikasema yule mfanyakazi wa ghorofa ya nne ana nyanya wawili na wote wako hai, mmoja anagombana na kuku wa jirani. Nikasema mkataba wake umekwisha miezi mitano iliyopita, kwamba hawezi tena kuinua beseni, na kwamba wiki iliyopita alikuwa anakwenda nyumbani, na leo haendi, kwa ajili ya mfano wetu.

"Kwa hiyo alisema uongo," madam akasema.

"Ndiyo. Na umeeleza kwa nini, ukurasa wa tatu."

"Wewe ndiye uliyeandika."

"Jina la juu ni lako."

Mama yake, aliyekuwa anatazama bahari, akauliza kwa Kiarabu tunabishana nini. "Halas, basi, mama, ni masomo," madam akamjibu. Akajimiminia chai, akaiacha ipoe. Sikuweza kuusoma uso wake. Alikuwa ameshusha ushungi kwa ajili ya watu waliopita. Nilidhani atanirudisha jikoni kwa miezi mingine bila neno. Badala yake akauliza, kwa sauti ya chini:

"Na wewe, mkataba wako si unakwisha karibuni?"

"Miezi mitatu."

"Umechoka?"

Lilikuwa swali rahisi. Nilikuwa nimeliandikia kurasa nzima. Lakini nililiona likinijia pale mkekani nikatafuta kitu kingine cha kusema, shangazi, mafuriko, chochote.

"Ndiyo," nikasema.

"Mimi pia," madam akasema. Nilikasirika, kisha nikakumbuka dada alivyosema darini kwamba hata wao wamechoka, na hasira ikakosa pa kukaa. Uchovu wake na wangu haukulingana, hilo nililijua na bado nalijua. Yeye alikuwa amechoka akiwa na kiti.

Kisha akafanya biashara, kwa sababu ndivyo tulivyokuwa. Atazungumza na jirani yake. Wamesoma shule moja, hawezi kumkatalia. Atamwambia kurasa zile ni za masomo, si za kumhukumu mtu. Mfano ataufuta. Lakini jopo likipitisha, atahitaji kuhoji wafanyakazi, na wengi ni Wakenya, na nani atawauliza kwa Kiswahili? Miezi minne zaidi baada ya mkataba wangu. Ataniombea ruhusa ya kutoka siku hiyo hiyo miezi itakapokwisha. Aliapa.

Nilikubali. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Kuna siku nasema nilikuwa namlipia dada nilichomharibia. Siku nyingine naona wazi kwamba nilitaka kusikia watakavyojibu. Yote mawili yawezekana, na ningekuwa msimamizi wangu ningeandika pembeni kwa wino mwekundu.

Jirani hakukubali mara moja. Ilichukua simu tatu na kikao kimoja cha kahawa tuliporudi Riyadh, na dada akaondoka mwezi mzima baada ya siku aliyokuwa ameitarajia. Mfano ulifutwa. Daktora alilalamika kwamba sehemu ya sababu imepoa, lakini jopo lilipitisha. Madam alirudi kutoka chuoni na keki, akanikatia kipande cha kwanza mbele ya watu wote wa nyumba, nami nikala nimesimama kwa kuwa bado kulikuwa na sahani za kuondoa.

Siku ya dada kusafiri nilimsikia akishuka ngazi asubuhi, sanduku likigonga kila ngazi. Nilifungua mlango. Kafili wake alikuwa ameshatangulia chini kwenye gari. Tulikuwa hatujazungumza tangu Jeddah. Darini alikuwa ameanza kuanika saa ambayo mimi sianiki.

"Dada," nikasema. "Nisamehe."

Alilaza sanduku, akapumzika kwa ile awamu ya kwanza, mkono kiunoni.

"Nasikia sasa unauliza watu maswali."

"Nitaanza wiki ijayo."

"Wanawake wa jengo hili hawatakwambia kitu. Nimewaambia." Alisema bila hasira, kama anayenijulisha maji yamekatika. "Tafuta wa mbali, wasionijua. Na ukiwapata, usiandike wanachokwambia. Uliza kwanza kama wanataka kiandikwe."

"Sawa."

"Si sawa. Rudia."

"Nitauliza kwanza."

Akalichukua sanduku kabla sijamsaidia, akashuka. Nilisubiri mpaka mlango wa gari ukafungwa. Ndani, madam alikuwa ameketi mezani na karatasi ya maswali, ananiita nije tuangalie swali la kwanza. Nilimwambia kuna swali linatakiwa litangulie hilo, na kwamba mtu akijibu hapana, karatasi iliyobaki tutaiacha nyeupe. Akasema tukifanya hivyo hatutapata watu wa kutosha. Nikasema huenda. Nikavuta kiti.